Ungoje prosesa ijayo, au ununue kabla ya Mfunguo Mosi?

Binti wa dada yangu alikuja jioni moja ya Shaabani, akaketi barazani, akashusha pumzi, akauliza: "Mjomba, ningoje au ninunue?"

Sikumuuliza kununua nini. Tangu Mfunguo Sita, alipokesha siku tatu akisubiri video ya harusi moja imalize kurendiwa, yaani kutolewa ikiwa video kamili, nyumba nzima inajua habari za kompyuta yake. Kazi yake ni kupiga video za harusi upande wa wanawake. Asiyekulia Lamu huenda asione uzito wa jambo hili. Siku ya kupamba haingii mwanamume, na picha zilizopigwa mle hazionwi na jicho la nje: mpigaji ni mwanamke, mhariri ni mwanamke, na kazi ikiisha hukabidhiwa mama wa bi harusi mkononi. Ule ushauri rahisi kwamba mzigo mzito ampelekee kijana fulani wa Langoni mwenye mashine kubwa, kwake haupo. Ni mashine yake mwenyewe au hakuna kazi. Na Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, ukiingia na Idi ikapita, harusi hufuatana.

Aliyemtia wasiwasi ni binamu yake wa Nairobi. "Usinunue saa hizi," alimwambia kwa simu, "mwisho wa mwaka zinatoka mpya." Hakumdanganya. Intel, kampuni inayotengeneza prosesa, yaani chipu iliyo ubongo wa kompyuta, imeshasema kizazi chake kiitwacho Nova Lake kitatoka mwishoni mwa 2026, na AMD, mshindani wake, nayo inaandaa kizazi cha Zen 6 kwa teknolojia ya nanomita 2 ya kampuni ya TSMC huko Taiwan. Ila hayo maneno mawili, "zinatoka mpya", ni kitita. Ukikifungua unakuta ndani mna mambo manne matano tofauti, na mengine hayamhusu kabisa.

Jambo la kwanza ni kasi. Sisi mafundi tulioanza zamani tuna sababu ya kupenda kungoja, kwa maana enzi zetu kulilipa. Mwaka 1965 Gordon Moore, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa waasisi wa Intel, aliandika kwamba idadi ya vijenzi ndani ya chipu huongezeka maradufu kila mwaka. Mwaka 1975 akarekebisha, akasema ni kila miaka miwili. Yeye alisema idadi, wengi wakasikia kasi, na kwa muda mrefu kosa hilo halikumdhuru mtu kwa sababu vyote viwili vilipanda pamoja. Pentium ya kwanza ya Intel, mwaka 1993, ilikwenda kwa megahatsi 60 na 66 (megahatsi moja ni mipigo milioni kwa sekunde). Machi 2000 AMD ikatoa Athlon ya megahatsi 1,000. Aliyevumilia mwaka mmoja katika miaka ile alipata mashine ya namna nyingine kwa fedha zile zile.

Sasa tazama hali ya juzi. Ryzen 7 7700X ya AMD, ya 2022, hufika gigahatsi 5.4, yaani megahatsi 5,400. Ryzen 7 9700X iliyoirithi mwaka 2024 hufika 5.5. AMD ilisema kwamba kizazi hicho, kwa wastani, hufanya kazi zaidi kwa asilimia 16 katika kila mpigo, na zipo shughuli ambazo faida hiyo inaonekana; waliopima michezo ya kompyuta wengi wao waliona tofauti ndogo kuliko hiyo. Intel nayo Oktoba 2024 ilitoa Core Ultra 200S. Ilikula umeme mchache kuliko zilizoitangulia, jambo ambalo mimi mkaa pwani naliheshimu sana, lakini katika michezo mingi ilizidiwa na Core i9-14900K ya mwaka mmoja nyuma. Aliyeingoja kwa ajili ya michezo alirudi dukani kuulizia ile kongwe.

Jambo la pili ndani ya kitita ni tarehe. Watu husikia "inatoka Oktoba" wakadhani ni kama meli, ikitia nanga basi mizigo yote inashushwa siku hiyo. Viwanda huanza na chipu za bei ya juu, za wenye fedha na wenye haraka. Novemba 2020 AMD ilizindua Ryzen 5000 kwa chipu nne, na ya rahisi kuliko zote ilikuwa 5600X kwa dola 299. Ile 5600 isiyo na herufi X, ya dola 199, ilitoka Aprili 2022. Hiyo ni miezi 17. Intel ilikwenda mbio kidogo: kizazi cha 12 kilianza Novemba 2021 kwa zenye herufi K, na zile za watu wa kawaida, ikiwemo i5-12400, zikafuata Januari 2022.

Kisha ongeza safari. Chipu ikishafika Nairobi au Mombasa, muuzaji akaileta na ubao wake kwa idadi ya kutosha hata bei ikapoa, bado kuna basi mpaka Mokowe, boti mpaka gatini, na hamali wa kuufikisha mzigo mtaani. "Mwisho wa mwaka" wa binamu yake wa Nairobi, kwa mtu wa Lamu mwenye fedha za kawaida, ni Mfunguo Mosi mwingine kabisa.

Tarehe hiyo ya uzinduzi ina faida, lakini kwa mtu anayenunua kitu kingine. Kizazi kipya kikitangazwa, wenye maduka wanataka kile cha zamani kiwaondokee. Na hata kipya chenyewe hakikai na bei yake. Ryzen 5 7600X ilizinduliwa Septemba 2022 kwa dola 299. Kabla mwaka haujaisha maduka ya Marekani yalikuwa yakiiuza kwa 249. Wa kwanza kununua walilipa dola 50 za heshima. Kwa hiyo mtu akiniambia anangoja ili chipu ya leo ishuke bei, namwelewa zaidi kuliko anayengoja ile ambayo haijaonekana. Kipimo changu ni siku 60: kama tarehe imeshatangazwa rasmi na iko ndani ya miezi miwili, na mashine yako bado inakufaa, ngoja. Zaidi ya hapo unaishi kwa ahadi.

Sasa nije kwenye lenyewe, ambalo binti hakuliuliza. Yeye aliuliza habari ya prosesa. Nikamwambia alete habari za mazabodi, ule ubao mkuu unaobeba vyote.

Prosesa haikai hewani. Inakaa ndani ya soketi, soketi iko kwenye mazabodi, na mazabodi ndiyo inayoamua aina ya RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi. Ukigusa kimoja huenda umegusa vyote vitatu. Yenye kuumiza zaidi ni pale soketi mbili zinapofanana kwa macho. Prosesa za Intel za kizazi cha 6 na cha 7 zilitumia soketi iitwayo LGA1151. Kizazi cha 8 kilipotoka Oktoba 2017 nacho kikaja na LGA1151, pini idadi ile ile, umbo lile lile, na hakikufanya kazi kwenye mazabodi za awali. Nimeshaletewa prosesa ya kizazi cha 8 na mtu aliyeinunua kwa jina la soketi tu. Ilikaa vizuri kabisa, na mashine haikuwaka.

AMD wamekuwa wavumilivu zaidi. Soketi yao ya AM4 ilianza 2016 na ikaendelea kupokea prosesa mpya miaka mingi. Iliyoifuata, AM5, ilikuja Septemba 2022, na wameahidi kuendelea nayo mpaka 2027 na baadaye. Intel kwa kawaida huhama mapema: LGA1700 ilibeba vizazi vya 12, 13 na 14, kisha Core Ultra 200S ikaja na LGA1851.

Kuanzia hapo swali la kungoja linageuka. Mwenye mazabodi ya AM5 ana sababu ya kutulia, kwa kuwa huenda kesho akabadilisha chipu peke yake, vingine vikabaki. Mwenye mashine ya kizazi cha 6 hangoji prosesa. Anangoja prosesa, mazabodi na RAM, na bei ya kila kimoja ina mambo yake.

RAM, hasa. AM5 na LGA1851 hazipokei RAM ya DDR4, aina ya zamani. Ni DDR5 tu. Na mwishoni mwa 2025 bei ya RAM ilipaa, kwa sababu vituo vya data vya akili unde vinanunua chipu za kumbukumbu kwa wingi na viwanda vimeelekea huko kwenye fedha. Desemba 2025 kampuni ya Micron ilitangaza kwamba inaacha biashara ya Crucial, jina ambalo mafundi wengi tumelitumia kwa RAM na SSD (diski isiyo na kitu kinachozunguka) za wateja wetu. Tumezoea kusema vitu vya kompyuta hushuka bei kila siku. Sivyo. Mwishoni mwa 2011 mafuriko ya Thailand yalivipiga viwanda vya hadi diski (hard disk), na waliongoja ishuke wakaikuta imepanda. Anayengoja kwa nia ya kuokoa fedha na auulize mfuko wake: nikiokoa kwenye prosesa, RAM haitazila?

Hapo ndipo binti alipoanza kutabasamu, maana mashine yake, mtumba uliotoka ofisini Uingereza, ina Core i5-6500 na vipande viwili vya RAM ya DDR4, gigabaiti 8 kila kimoja. Prosesa hiyo ni ya 2015, kori nne (kori ni sehemu inayofanya hesabu), mazabodi yake imefika mwisho wa njia. Lakini ile RAM yake ni mali. Soketi ya LGA1700 ina mazabodi za aina mbili, za DDR4 na za DDR5, hazichanganyiki. Akichukua ya DDR4, vipande vyake viwili anahama navyo, hata kama mwendo wake ni wa taratibu. Akingoja Nova Lake au Zen 6, vipande hivyo ni vya kuweka kwenye daka pamoja na vikombe vya bibi.

Hata hivyo sikumwambia anunue. Nilimwambia aende nyumbani, afungue kazi yake kama kawaida, abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, atazame lile dirisha linaloonyesha prosesa, RAM na diski zinatumika kiasi gani, kisha aniambie kilichofika asilimia 100 wakati mashine imekwama. Watu wanaojadili prosesa usiku kucha hawajawahi kulifungua dirisha hilo. Sijui kwa nini, ni bure.

Akarudi na majibu mawili. La kwanza: akifungua mradi au kunakili picha, diski inagonga 100 na prosesa inapunga upepo kwenye 30. Hadi diski ya kuzunguka husoma megabaiti 100 na kitu kwa sekunde ikiwa safi, na hupungua sana inaporukaruka kutoka faili hadi faili. SSD ya kawaida ya SATA hufika 500 na zaidi, na kurukaruka hakuisumbui. Prosesa ya mwaka 2030 ikifungwa kwenye diski ile ile itangoja kama hii inavyongoja.

La pili lilikuwa la maana zaidi. Picha za kamera yake ya zamani zinacheza vizuri, za kamera mpya aliyonunua mwaka jana zinakatakata, prosesa iko 100 hata kabla hajaweka madoido yoyote. Kamera nyingi za siku hizi hurekodi kwa mbano wa video uitwao H.265, biti 10, rangi kwa mpango wa 4:2:2, yaani zinahifadhi rangi nyingi zaidi na kuzibana sana zisijaze kadi. Kuzifungua ni kazi. Prosesa nyingi zina sehemu maalumu ndani yake, kando ya zile kori, inayofungua video bila kuzichosha kori zenyewe, lakini kila kizazi kinajua mibano fulani tu. Ile ya kizazi cha 6 haijui biti 10 za H.265 sawasawa. Kwa upande wa kompyuta za mezani, Intel walianza kuiweka 4:2:2 ya biti 10 katika kizazi cha 11, ndani ya ile sehemu ya picha iliyomo kwenye prosesa. Kadi za picha za Nvidia zilichelewa mpaka mfululizo wa RTX 50, mwaka 2025.

Umeona mambo yalivyogeuka? Mhariri wa harusi mwenye kamera ya namna hiyo, i5-12400 ya Januari 2022, kori sita, inamfaa kuliko baadhi ya chipu zilizotoka baadaye na kushinda kila jedwali la michezo. Kwa sharti moja: isiwe 12400F. Hiyo F maana yake sehemu ya picha imezimwa, na pamoja nayo ule uwezo wa kufungua video. Ni rahisi kidogo dukani, na muuzaji atakuapia kwamba ni kitu kile kile. Kwa mchezaji mwenye kadi yake ya picha, ni kile kile kweli. Kwa binti wa dada yangu ni hasara tupu. Jambo jingine ni kuhakikisha programu unayohariria inaitumia sehemu hiyo, kwa maana baadhi huifungua kwa wanaolipia tu.

Nina sababu nyingine ya kumpeleka kwenye kitu kilichokwisha kupigwa na jua, na hii ni ya kwetu hasa. Miezi ya mwanzo ya soketi mpya ni miezi ya marekebisho. AM5 ilipotoka, mashine ziliweza kukaa dakika kadhaa na kioo cheusi mara ya kwanza kuwashwa, zikiipima RAM, na wengine wakadhani wamenunua kitu kibovu. Mwaka 2023 baadhi ya Ryzen 7000 za X3D ziliungua kwenye soketi mpaka volti ikawekewa kikomo kwa sasisho la BIOS, programu iliyomo ndani ya mazabodi. Intel nao, mwaka 2024, walikiri kwamba baadhi ya prosesa za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikipewa volti kupita kiasi na kuharibika polepole. Wakatoa marekebisho na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Kizazi cha 12 hakikuwamo. Anayeishi karibu na duka anaweza kuwa mjaribio. Mimi niliwahi kuletewa mazabodi kutoka duka moja la Mombasa, nikafungua sanduku, pini za soketi zimelala upande mmoja kama mpunga baada ya mvua. Kuirudisha boti, basi, maneno, simu, kisha tena basi na boti: wiki tano, na mteja akaniona mimi ndiye tapeli.

Joto pia. Nyumba zetu za mawe hupoa vizuri, lakini hewa ni ya chumvi na unyevu, feni hula kutu, vumbi hugandamana. Core i9-14900K inaruhusiwa kufika wati 253 peke yake. UPS, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika, ikiwa ndogo ya 650 VA, kwa kawaida hubeba chini ya wati 400 kwa kila kitu, na kioo kimo humo. Chipu za daraja la wati 65 zinakupa nafasi ya kuhifadhi kazi umeme unapokatika, na feni yake huisikii kutoka chumba cha pili. Mimi ukiniuliza, wati nazipima kabla ya gigahatsi.

Basi binti akafanya hivi. SSD aliichukua wiki ile ile, na hiyo atahama nayo. Kwa zile picha za kamera mpya, nikamwonyesha kutengeneza nakala nyepesi, proksi, anazohariri nazo na programu hurudi kwenye picha halisi wakati wa kutoa kazi. Zinamla usiku mmoja kuzitengeneza, ila mchana anafanya kazi. Fedha za prosesa na mazabodi ya DDR4 ataziweka kutoka harusi za mwanzo. Sanduku na pawa saplai itabidi anunue vilevile, kwa kuwa mashine nyingi za ofisini zina pawa saplai na mazabodi za maumbo yao wenyewe, za kiwango cha kawaida hazikai. Watu hulisahau hili kwenye hesabu. Kuna na habari ya Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haiikubali rasmi prosesa yake ya kizazi cha 6. Kwake hilo ni la pili, kwa sababu mashine ya harusi haiunganishwi na intaneti. Kwa mwenye ofisi lingekuwa la kwanza.

Alipokuwa anaaga, alipita jirani yetu mwenye nyumba ya wageni Shela, akasikia mazungumzo, akataka jibu lile lile. Yeye ana Ryzen 5 2600 kwenye mazabodi ya B450. Jibu lake ni jingine kabisa. B450 ni mazabodi ya AM4 ya 2018, na mwaka 2020 AMD walitaka kuinyima Ryzen 5000, watu wakapiga kelele, wakalegeza. Leo anaweka Ryzen 7 5700X ya kori nane, wati 65, hagusi RAM wala sanduku, na hana haja ya kujua Zen 6 inatoka lini. Anachotakiwa ni kuandika namba kamili ya mazabodi, athibitishe kwenye orodha ya mtengenezaji, kisha asasishe BIOS wakati prosesa ya zamani bado imo. Akiing'oa kwanza, mpya huenda isiwake, na itabidi airudishe ya zamani ili asasishe. Na sasisho lenyewe alifanye kwenye UPS iliyojaa chaji, kwa sababu umeme ukikatika katikati, mazabodi itaanza safari ya Mokowe.